Siku Kumi za Kurudi Nyuma

9 Januari

Chiriku,

Hujambo wewe, na wifi yangu, na watoto. Natumaini ulifika salama. Natumaini tu, kwa sababu hukusema. Mimi niko na cherehani yangu, nina sare arobaini za wahudumu wa hoteli na uzi wa bluu umekwisha dukani. Baba anakula vizuri. Mguu wa kulia umelala vilevile na mdomo vilevile. Salamu zimeishia hapo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Jumanne saa tano asubuhi ulibeba begi lako, ukatutangazia kwamba umetuachia zawadi, mfumo mpya, mwepesi, salama, wa kisasa, ukaenda. Saa saba niliingia kumpelekea baba chakula nikamkuta anabonyeza kitufe cha maji kwenye kibodi. Alikuwa anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena, na sijui alianza saa ngapi. Mashine kimya. Kwenye skrini kuna picha nzuri ya ziwa na milima, na ile programu yake ya Msemaji haifunguki. Ukiigusa linatoka dirisha dogo linalosema kuna tatizo. Ni tatizo gani, halisemi.

Ulikaa na baba siku tano, huenda hukuelewa ulichokuwa unakiona, basi nikueleze. Tangu kiharusi, mwaka wa pili huu, baba hana koo lingine. Programu ile aliyopewa na mtaalamu wa matamshi pale hospitali ndiyo koo lake. Kitufe namba moja ni cha kuita. Mbili ni maji, tatu ni nigeuze, nne ni choo, na kuendelea mpaka kumi na mbili. Mengine anaandika herufi mojamoja kwa kidole cha mkono wa kushoto, na mashine inamsomea. Spika moja iko kwake, ya pili nimeipigilia ukutani juu ya cherehani yangu ili nimsikie hata nikiwa nashona kwa kasi. Leo ni siku ya nne spika hiyo haijatoa neno. Nashona huku nimegeuza shingo kama kuku anayemsikiliza mwewe.

Jumatano ulipopiga simu niliikata, na niliikata kwa makusudi. Sheria ya nyumba hii unaijua, ugomvi wa mdomo hauna faili. Tulipokuwa wadogo mwenye malalamiko aliyaandika na kutia tarehe, mwenzake akajibu kwa maandishi, na baba, aliyekuwa karani wa mahakama kutwa nzima, akarudi kuwa karani wa mahakama tena baada ya chakula. Wewe kwa simu unasema neno asubuhi na jioni unalikana. Kwa hiyo andika. Andika namna ya kuirudisha mashine kama ilivyokuwa.

Dada yako.


17 Januari

Dada Nyuki,

Shikamoo, kama zangu bado unazipokea. Barua yako imefika jana. Wifi yako anakusalimu, watoto wana kikohozi lakini wanapigana, kwa hiyo ni wazima. Kazini lifti ya jengo la ghorofa kumi na mbili imekwama mara tatu wiki hii. Mara ya mwisho ilikuwa na mhasibu ndani, saa nzima na nusu, na nilipomfungulia mlango alinifokea mimi niliyemtoa. Nimeshazoea kutukanwa na watu ninaowasaidia, kwa hiyo barua yako haikunishtua sana.

Kwanza, mfumo wa zamani ulikuwa umekufa, ila nyie hamkuambiwa. Hata walioutengeneza wameacha kuuhudumia. Siku moja ungeamka ukute kirusi kimekula kila kitu, na hapo ungesema Chiriku ni fundi, mbona hakutusaidia. Nilisaidia. Asante sijaiona.

Pili, mara nyingi tatizo huwa dogo na watu wanalipigia kelele kubwa. Angalia waya wa spika kama umeingia kwenye tundu la kijani, si la waridi. Angalia alama ya spika pembeni chini kama haina msalaba. Zima kompyuta kwa utaratibu, siyo kwa kuchomoa waya ukutani, maana nakujua, kisha uiwashe upya.

Hayo yakishindikana, fungua Mipangilio, uingie Sasisho, kisha Urejeshaji. Utakuta kitufe kinachosema Rudi kwenye mfumo wa zamani. Kibonyeze, subiri saa moja hivi, na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa, pamoja na Msemaji. Ila ufanye haraka, chaguo hilo hukaa siku kumi tu tangu siku ya kubadilisha mfumo, halafu hujifuta.

Kwa sasa mpe baba kengele. Kengele haihitaji mfumo.

Na nikuambie jambo moja ili liingie kwenye hilo faili lako. Nilipokuwa naweka mfumo, mashine ilionyesha kila kitu sawa. Sikukosea mahali popote.

Mdogo wako.


26 Januari

Chiriku,

Wasalimie wote. Watoto wapewe maji ya moto. Huku sare zimekwisha na mwenye hoteli anasema mikono ni mirefu, wakati vipimo alivileta mwenyewe. Baba hajambo.

Mfumo uliuweka tarehe sita. Siku kumi ziliisha tarehe kumi na sita. Barua yako umeiandika tarehe kumi na saba, ikanifikia tarehe ishirini na nne. Wakati unalamba bahasha ulijua kabisa kwamba unanitumia ufunguo wa mlango ambao umeshazibwa kwa matofali. Nilikwenda Mipangilio, nikaenda Sasisho, nikaenda Urejeshaji. Kuna maandishi ya kijivu yanayosema chaguo hili halipatikani tena. Nilimsomea baba, akafumba macho.

Waya uko kwenye tundu la kijani. Uko hapo tangu mwaka juzi, niliuchomeka mimi.

Kengele nilimnunulia, ya shaba, ina mpini. Aliipiga mara moja, akaitazama, akaisukuma kwa kiwiko ikaanguka chini. Nikaiokota nikamwekea tena, akaisukuma tena. Mara ya tatu sikuiokota. Mtu huyu kwa miaka thelathini na moja alisimama mlangoni pa mahakama akiita watu kwa majina yao, majina matatu kamili, mpaka nje kwenye ngazi wakasikia. Wewe unamletea kengele.

Alikuja fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya stesheni. Aliitazama nusu saa akauliza aliyeiweka hivi ni nani. Nikasema ni fundi wa lifti. Akacheka peke yake, mimi sikucheka.

Isitoshe mashine yenyewe sasa inalalamika. Kila ikiwashwa inasema nafasi imejaa, diski imejaa, na mstari mwekundu. Inaonekana huo mfumo wako ni mgeni aliyekuja na magunia.

Kuna jambo nataka unijibu. Ruhusa yako kazini ilikuwa mpaka Ijumaa. Shuka nilikubadilishia Jumatatu nikijua utalala siku nne nyingine. Ukaondoka Jumanne. Kwa nini?

Dada yako.


8 Februari

Dada Nyuki,

Shikamoo. Kikohozi kimehamia kwa wifi yako. Lifti ya ghorofa kumi na mbili tumeifunga kabisa na wapangaji wanapanda ngazi wakinitaja jina kila ghorofa.

Umeniandikia hesabu ya siku kumi, nami nakuandikia yangu. Nilipiga simu Jumatano tarehe saba. Siku ya pili, dada. Kama ungepokea ningekuongoza kitufe kwa kitufe, na jioni ile baba angekuwa anaomba maji. Uliikata. Siku kumi hazikufia kwangu, zilifia kwenye mfuko wa posta, kwa sababu ya sheria ya nyumba na kichwa chako kigumu. Usiniambie ningepiga tena. Ungekata tena, na unajua.

Na huyo fundi wa nyuma ya stesheni, kama ni hodari kuliko mimi, mbona Msemaji hasemi?

Sasa fuata haya. Weka mshale juu ya alama ya Msemaji, bonyeza upande wa kulia wa panya, chagua Sifa, halafu Upatanifu. Weka alama ya tiki panapotaka programu iendeshwe kama kwenye mfumo wa zamani. Itafunguka, nina hakika kwa asilimia tisini.

Sauti inaweza kuwa tofauti, hilo tutalishughulikia. Muhimu zaidi ni sentensi zake kumi na mbili za kwenye vitufe. Hizo zimo ndani ya folda kubwa ya mfumo wa zamani, mashine huihifadhi kwa muda kabla ya kuitupa. Ndiyo inayojaza diski. Chukua fleshi, nakili folda nzima. Na tafadhali, mashine ikikuambia usafishe diski, usikubali. Ukisafisha, folda inakwenda na sentensi zinakwenda, na hakuna fundi wa mbele wala wa nyuma ya stesheni atakayezirudisha.

Pia niandikie orodha ya vitufe, namba na maneno yake, kuanzia moja. Nikiwa nayo naweza kuiandaa hapa na kuituma.

Kuhusu Jumanne, nilikuwa na kazi.

Mdogo wako.


1 Machi

Chiriku,

Wifi apumzike, asifue kwa maji baridi. Baba hajambo kwa ujumla.

Nilifanya ulivyosema kuhusu Upatanifu. Msemaji amefunguka. Lakini sauti si ya Kiswahili. Ni ya mwanamke wa mbali mwenye haraka, na neno maji analitamka kama mtu aliyepaliwa. Baba alimsikiliza akageuza uso ukutani.

Vitufe vyote kumi na viwili viko vitupu. Folda ya zamani haipo. Nimeitafuta, haipo.

Orodha sitakutumia. Niliinakili kwenye daftari la vipimo vya wateja siku mtaalamu alipotuwekea programu, na daftari ninalo, lakini halikuhusu. Nitayaandika maneno mwenyewe. Wewe leta sauti, ya Kiswahili, ya mwanamume, ile aliyokuwa nayo.

Kazi ya Jumanne haikuwepo. Nilimuuliza wifi kwa ujumbe wa simu, akasema ulirudi ukalala siku tatu huku umegeukia ukuta. Inaelekea mnafanana.

Dada.


12 Machi

Dada,

Leo sianzi na kikohozi cha mtu.

Juzi nimepigiwa simu na Mzee Drafti, yule jirani anayekuja kucheza drafti na baba na haondoki mpaka taa ziwashwe. Alitaka kujua mkono wa mzee unaendeleaje. Nikamuuliza mkono upi. Akashangaa. Akasema mkono wa kushoto, uliofungwa bendeji, tangu alipoanguka.

Baba hajambo kwa ujumla. Hayo ni maneno yako, nimeyasoma mara kumi. Baba ameanguka, ameumia mkono mmoja uliokuwa umebaki hai, mkono wa kuandikia, na mimi naambiwa na mcheza drafti. Ni nani aliyekupa mamlaka ya kunificha baba yangu? Mbona malalamiko yako yote yana tarehe, na hili halina?

La pili, folda haipotei hivihivi. Folda inafutwa na mtu, kwa kubonyeza Safisha na kisha Ndiyo. Mashine huuliza mara mbili. Nakuuliza na mimi mara moja. Nani alibonyeza?

Sasa Jumanne. Umeitaka sana, basi ipokee, na ukimaliza kuisoma uitie kwenye faili.

Asubuhi ile saa mbili nilikuwa nimeketi kwenye kiti kando ya kitanda chake. Wewe ulikuwa sokoni kutafuta uzi. Mfumo mpya nilikuwa nimeupakua tangu usiku, ulikuwa unasubiri nibonyeze tu uanze kujiweka. Nikamwambia baba kwamba ruhusa yangu ni mpaka Ijumaa, na akitaka nitaomba wiki moja zaidi. Nilisema kwa kigugumizi kidogo, unajua mimi huongea sana isipokuwa pale inapotakiwa. Baba akasogeza kidole, akabonyeza namba sita. Namba sita hakuiandika wakati ule, dada. Ilikuwa tayari imeandikwa, inasubiri mtu. Mashine ikasema, kwa sauti ile ya mwanamume, polepole: "Nenda sasa. Nimechoka."

Nikadhani amekosea. Nikamuuliza, "Baba, niende?" Akabonyeza tena palepale, na spika ya ukutani nayo ikarudia kule kwenye cherehani, kwa hiyo niliambiwa niende na vyumba viwili.

Nikamsukuma kwa kiti chake cha magurudumu mpaka barazani, nikamwacha juani, nikarudi kwenye kompyuta. Nikaanzisha mfumo. Ikatoka onyo. Nilikuandikia kwamba mashine ilionyesha kila kitu sawa. Nilikudanganya. Iliandika kwamba programu moja haitafanya kazi kwenye mfumo mpya, na ikaitaja kwa jina, Msemaji. Chini yake vitufe viwili, Ghairi na Endelea. Nilisoma, nikaelewa, nikabonyeza Endelea. Nilitaka anyamaze. Hata siku moja tu. Nilijua kuna siku kumi za kurudi nyuma, nikasema moyoni nitampigia dada kesho, nitamwelekeza, itarudi. Kesho yake nikapiga, ukakata.

Ndani ya kifurushi hiki kuna CD mpya ya Msemaji, toleo linalokubaliana na mfumo huu. Niliwaandikia watengenezaji, wamenipatia na sauti ya zamani. Maelekezo nimeyaandika pembeni, hatua tisa. Usiruke hata moja.

Usiponijibu nitaelewa. Lakini mkono wa baba unijibu.

Mdogo wako.


2 Aprili

Dada,

Posta wanasema kifurushi kilipokelewa na kusainiwa tarehe ishirini Machi. Sahihi waliyonionyesha ni yako, mkia wake naufahamu.

Sikuombi unisamehe. Naomba neno moja kuhusu mkono.

Chiriku.


19 Aprili

Chiriku,

Bendeji ilitoka tarehe thelathini na moja Machi. Mfupa haukuvunjika, ni mshipa ulioteguka. Kidole kinafanya kazi. Hilo ndilo neno lako, na lingetosha, lakini nimekaa na barua yako wiki nne na sasa ninayo mengi.

Alianguka tarehe kumi na moja Februari, saa nne asubuhi. Nilikuwa mlangoni namkabidhi mteja nguo zake, tunabishana juu ya kola. Baba alitaka choo na hakuwa na namna ya kusema. Alijaribu kwenda mwenyewe kwa mguu mmoja. Nilisikia kishindo, nikaendelea na sentensi yangu kuhusu kola mpaka ikaisha, ndipo nikaelewa kile kishindo kilikuwa nini. Sikukuandikia kwa sababu ningeandika na hilo la kola. Nimeliandika sasa.

Diski niliisafisha mimi. Tarehe thelathini Januari, kabla barua yako ya onyo haijafika. Mstari ulikuwa mwekundu, mashine ikauliza nisafishe, nikasema Ndiyo, ikauliza una hakika, nikasema Ndiyo kwa hasira, kana kwamba ni wewe unayeniuliza. Barua yako ilipokuja nikaisoma nikakaa chini. Kwa hiyo koo la baba tumelikata wawili, wewe ukiwa na akili zako timamu na mimi nikiwa na zangu. Kwenye faili iandikwe hivyo.

Lakini usidhani tumetoka sare. Mimi sikubonyeza nikijua. Wewe ulijua. Ulimsukuma mtu juani kwa mkono mpole, ukarudi ndani kumkata sauti, kisha ukamwambia mwanawe umeleta zawadi. Barua yako niliificha kwenye sanduku la vifungo wiki nzima kwa sababu kila nikiiona napindisha mshono, na nina magauni ya watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Chiriku. Ulikilalia siku nne ukaona wamekuuma.

CD tuliiweka tarehe tatu Aprili, mimi na fundi wa nyuma ya stesheni, hatua zote tisa. Anasema maelekezo yako ni mazuri kwa mtu wa lifti. Sauti ni ileile. Ilipotoka kwenye spika ya ukutani nilishindwa kushona.

Baadaye nikampa baba barua zote, nakala za zangu pamoja na zako, kama ilivyo sheria. Alizisoma siku tatu. Ya Jumanne aliisoma mara mbili. Nikamuuliza kama ile namba sita aliibonyeza kwa bahati mbaya. Namba sita, ili ujue, tuliiandika kwa ajili ya Mzee Drafti, kwa kuwa haondoki. Nilitaka aseme kidole kiliteleza. Nilikuwa hata nimeshaanza kukuandikia hivyo kichwani, ingawa hustahili. Aliandika kwa muda mrefu, na mashine ikasoma: "Sikukosea. Alitazama saa mara nne."

Sikuongeza neno wala kupunguza. Huenda ulikuwa unatazama saa kwa sababu ya lifti zako, au kwa mazoea tu. Alikuwa anakuhesabu. Alikufukuza kabla hujamuaga mwenyewe. Mnajua nyie wawili.

Sasa imebaki orodha, uliyoitaka na nikakunyima. Mbili ni maji, tatu nigeuze, nne choo, tano zima taa, sita umeshaijua. Saba mpaka kumi na mbili ni za dawa na madirisha. Namba moja nilikuambia ni ya kuita. Sikukuambia inaita nini.

Siku mtaalamu alipotuwekea programu, alimwambia baba achague neno la kumwita mtu wa nyumbani, neno ambalo likisikika mtu atakuja mbio. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti nimemshika bega. Baba akaandika Chiriku. Nikadhani ni ugonjwa, atabadilisha. Hakubadilisha. Mwaka mzima na zaidi, asubuhi, mchana, na kila anapotaka kugeuzwa, spika iliyo juu ya kichwa changu imekuwa ikiita Chiriku, na mimi naweka mkasi chini naenda. Wateja wakisikia huuliza kaka yako yuko ndani? Nawaambia yuko, anakuja, halafu naingia mimi. Siku zile tano ulizokuwa hapa hakuibonyeza, hakuwa na haja. Ulikuwa umekaa mbele yake.

Tulipomaliza kuweka CD vitufe vilikuwa vitupu, na daftari lilikuwa mkononi mwangu. Fundi alikuwa ameondoka. Namba moja nikaandika Nyuki. Jina langu, alilonipa yeye mwenyewe, ndani ya nyumba ninayoifagia mimi. Nilijiambia ni haki yangu, na bado nasema ni haki yangu.

Baba akabonyeza ajaribu. Mashine ikasema, "Nyuki." Akasikiliza. Akanitazama, na nikaona hana hasira nami hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaanza kufuta. Mkono ndio kwanza umetoka kwenye bendeji, herufi moja alikuwa anaitafuta mpaka jasho linamtoka. Sikumsaidia. Nilisimama pale nikamwacha aandike lako mwanzo mpaka mwisho, na alipofika herufi ya mwisho nikaenda zangu kwenye cherehani.

Sijakaa hata kitini, akabonyeza. "Chiriku."

Niliitikia, nikarudi, nikampa maji. Leo ameibonyeza mara sita na mara zote sita nimeitikia. Nimechoka kuitikia jina la mtu mwingine. Shuka zako zipo kitandani, sijazitoa. Njoo uitikie mwenyewe.

Dada yako.